Faida ya mwaka hailipi magunia ya mwezi wa nane

(Hotuba kwa wakamuaji wadogo wa mafuta ya alizeti, Singida, kabla msimu haujafunguka. Nimeiandika karibu kama ilivyosemwa.)

Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni, kaka na dada zangu habari za asubuhi. Nashukuru kwa kunikaribisha na nashukuru zaidi kwa nyie mliotoka Iramba na Mkalama alfajiri kuja kusikiliza habari ya hesabu, maana najua mtu wa mashine kuacha mashine siku nzima sio jambo dogo.

Nimeombwa niongelee mchanganuo na makadirio ya fedha. Nitaongelea hayo lakini nitayaongelea kwa alizeti yetu hii hii, gunia, lita, mashudu yanayobaki baada ya kukamua, LUKU ya umeme, dumu, kwasababu nimechoka kuona semina za biashara ambazo mfano wake ni kampuni ya mahali ambapo hakuna mtu humu ndani amewahi kufika.

Nianze na kitu kinachonikera. Wengi wenu mna mchanganuo wa biashara ndani ya faili, upo, na mwingine umeandikwa vizuri una kava na picha. Ukiuliza uliandikwa na nani unaambiwa kuna kijana pale stationery anaandika, unampa jina la biashara na kiasi cha mkopo unachotaka, kesho yake unachukua. Namba za ndani zimetoka kwa mtu mwingine, labda wa Dodoma, labda wa mwaka 2021, na mwenye biashara hajawahi kuzisoma. Benki wakishatoa hela lile faili linalala mpaka siku ya kuomba mkopo mwingine. Ndugu zangu, hiyo karatasi haijakusaidia kupanga chochote, na kwa benki yenyewe ni hatari maana umesaini namba usizozijua.

Mchanganuo ninaousema mimi ni wa kukuonyesha wewe mwenyewe ni mwezi gani hela itakuishia mkononi, na ni kitu gani kikibadilika kidogo tu kinakutoa kwenye faida kinakupeleka kwenye hasara. Basi. Mtu akikwambia makadirio ni kujua bei ya mafuta itakuwa ngapi mwezi wa pili mwakani, hakuna anayejua hiyo. Dereva wa lori anayetoka hapa kwenda Nzega hajui atapishana na nani njiani, lakini anajua mlima Sekenke upo na anajua mzigo wake tani ngapi, kwahiyo gia anabadilisha kabla.

Sasa tuingie kwenye namba. Hizi ni namba za kujifunzia, sio bei za leo, kila mtu atabadilisha kwa za kwake.

Chukua mkamuaji mmoja mwenye ekspela moja, yaani mashine ya kukamulia. Anataka kukamua magunia 1,200 kwa mwaka, 100 kila mwezi kuanzia mwezi wa sita mpaka mwezi wa tano mwakani. Gunia lina kilo 65, ananunua kwa 50,000. Kila gunia linatoa lita 18 za mafuta na kilo 44 za mashudu, zinazobaki ni uchafu, unyevu na upotevu. Mafuta anauza jumla 4,500 kwa lita, mashudu 500 kwa kilo. Umeme 3,000 kwa gunia, vibarua na upakiaji 2,000 kwa gunia, madumu ya lita 20 kila moja 4,000. Mishahara, mlinzi na pango ni milioni 1.8 kwa mwezi. Matengenezo ya mashine milioni 4, anafanya mwezi wa sita kabla kazi haijachanganya. Ana mtaji wake milioni 20, na benki wamempa milioni 40 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, riba inayopungua kadri deni linavyopungua, rejesho la miezi 12, inakuja kama milioni 3.67 kila mwezi kuanzia mwezi wa saba.

Piga hesabu ya mwaka mzima kama wanavyopiga wengi. Mafuta lita 21,600 yanaleta milioni 97.2, mashudu milioni 26.4, jumla milioni 123.6. Toa alizeti milioni 60, toa umeme, vibarua na madumu milioni 10.3, toa mishahara na pango milioni 21.6, toa matengenezo 4, toa riba 4. Inabaki milioni 23.7 hivi kabla ya kodi. Mtu anafunga daftari anasema biashara inalipa, na kweli inalipa.

Ila hela haiingii kwa mwaka, inaingia kwa mwezi na inatoka kwa mwezi, na kwenye alizeti inatoka mapema sana. Wakulima wanavuna, wanataka kuuza mwezi wa sita, wa saba, wa nane, baada ya hapo bei inapanda na mzigo unakuwa mikononi mwa wenye maghala. Kwahiyo huyu mtu wetu lazima anunue mzigo wa mwaka mzima ndani ya miezi mitatu, tuseme magunia 400, halafu 500, halafu 300. Milioni 20, milioni 25, milioni 15. Na kwenye kuuza mnajua wenyewe, dukani mnaweka mali kauli, mali leo hela baadaye. Tuseme nusu ya mafuta analipwa papo hapo na nusu nyingine analipwa baada ya miezi miwili, mashudu yeye ni keshi.

Haya, mwezi wa sita anaanza na milioni 60, mtaji wake na mkopo. Zinaingia milioni 6.25, nusu ya mafuta na mashudu yote. Zinatoka milioni 20 za alizeti, 4 za matengenezo, na 2.66 za uendeshaji, yaani umeme, vibarua, madumu, mishahara na pango. Anabaki na 39.6. Hapo mtu anajiona tajiri na hapo ndo pikipiki hununuliwa. Mwezi wa saba zinaingia tena 6.25, zinatoka 25 za alizeti, uendeshaji ule ule, na rejesho la kwanza. Anabaki na milioni 14.5. Mwezi wa nane watu wa mali kauli wa mwezi wa sita wameanza kulipa, zinaingia 10.3, zinatoka alizeti 15, uendeshaji, rejesho. Anabaki na milioni 3.5.

Milioni tatu na nusu. Huyu ndo yule yule mwenye faida ya milioni 23.7 kwa mwaka. Na hapo sijaweka kodi ya makadirio ya TRA, ambayo kwa mwenye mwaka wa kodi unaoanza Januari awamu zake zinaangukia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, maana yake mbili kati ya hizo nne zinakukuta kwenye msimu wa manunuzi au ndo umetoka kununua. Sijaweka ada ya shule, sijaweka ugonjwa, sijaweka motor iliyoungua.

Sasa gusa kitu kimoja. Wenye maduka badala ya kulipa baada ya miezi miwili walipe baada ya mitatu, hakuna kingine kilichobadilika. Mwezi wa nane unaisha ukiwa umepungukiwa laki tano na sitini. Faida ya mwaka iko pale pale, haijaguswa hata shilingi! Lakini mwezi wa nane huna hela ya kumlipa mkulima.

Rudisha hiyo, gusa nyingine. Alizeti iwe 58,000 badala ya 50,000, kitu ambacho kinatokea ndani ya wiki mbili wakiingia wanunuzi wakubwa kutoka nje ya mkoa. Kwa mwaka umeongeza gharama milioni 9.6, faida inashuka inakuwa milioni 14 na kidogo, bado ni faida nzuri. Ila mwezi wa nane umepungukiwa milioni 6.1. Mwezi wa tisa bado umepungukiwa milioni 2.1. Mwezi wa kumi umetoka, una milioni 1.8 mkononi. Mnaona? Shida nzima ni ya miezi miwili tu. Na ndani ya hiyo miezi miwili ndo watu wanaingia kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, wanakopa milioni 6 kwa asilimia 20 kwa mwezi, milioni 2.4 inaondoka kwa riba tu na kadi ya gari imelala kwa mtu. Wengine wanaachia mafuta kwa bei ya kutupa ili wapate keshi ya kununulia alizeti, yaani wanaua faida ya mwezi wa kwanza ili waokoe mwezi wa nane. Nimekaa na daftari za watu wengi wa kazi hii, na mara nyingi kilichoangusha biashara sio kwamba ilikuwa haina faida, ni kwamba hela ilichelewa na mwenye biashara hakujua mapema kuwa itachelewa.

Na hii sio ya wadogo tu. Nakumatt wote mnaikumbuka au mmeisikia, supermarket kubwa kuliko zote Kenya, wakaenda Uganda, Rwanda, wakaja mpaka hapa kwetu ambapo mwaka 2014 walichukua maduka ya Shoprite. Wateja walikuwepo, matawi yalikuwa yanaongezeka. Lakini upanuzi ulikuwa unakula hela kuliko zilivyokuwa zinaingia, wanaoleta bidhaa wakawa hawalipwi, wakaacha kuleta, mwaka 2017 rafu zikawa tupu, Januari 2018 mahakama ikaiweka chini ya msimamizi wakati inadaiwa zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya. Duka lenye jina kubwa vile lilishindwa kulipa waleta sabuni na unga.

Turudi kwa mtu wetu na upungufu wake wa milioni 6.1. Angeujua mwezi wa nne, kabla ya kusaini mkopo, angefanya nini? Angeenda benki akasema nipeni miezi mitatu ya mwanzo nilipe riba tu, deni lenyewe nianze kulipa mwezi wa kumi. Riba ni laki sita kwa mwezi. Hapo peke yake mwezi wa nane unatoka kwenye upungufu wa milioni 6.1 unakuja karibu na sifuri. Kisha apunguze magunia 50 kwenye manunuzi ya mwezi wa nane, milioni 2.9 inabaki mkononi. Amepita. Mkopo utakuwa ghali zaidi kwa jumla, ndio, riba ya miezi mitatu ni kama milioni 1.8 zaidi, lakini unailipa ukiwa umepanga na dhamana yako iko salama. Na afisa mikopo ukimwonyesha jedwali la mwezi kwa mwezi, ukamwonyesha na mwezi wenyewe wenye shida na sababu yake, anakuelewa kuliko ukienda mwezi wa nane unatokwa jasho unaomba usogezewe rejesho. Benki zinazokopesha wakulima na wasindikaji zinajua habari ya msimu. Wewe ndo hujawahi kuiomba.

Naomba sasa niongelee makisio yenyewe, maana hapa ndo kuna uongo mwingi, na uongo mwingi sio wa makusudi.

Kisio la kwanza ni lita kwa gunia. Nimesema 18. Kila mtu humu nikimuuliza atanipa namba, na nikimuuliza aliipima lini atakaa kimya kidogo. Lita 18 zikiwa 16 kweli, kwa magunia 1,200 umepoteza lita 2,400, kwa 4,500 ni milioni 10.8, yaani karibu nusu ya faida yote ya mwaka. Ni kubwa kuliko ule mshtuko wa bei ya alizeti! Kwahiyo kabla hujahangaika na bei ya dunia nenda kapime. Chukua magunia kumi ya mbegu ya zamani ya Record, pima kilo kwa mizani, kamua, acha mafuta yatulie, chuja, ondoa ule ugido wa chini, ndo upime lita. Usipime yakitoka tu kwenye mashine yana povu na uchafu, hiyo namba itakudanganya. Kisha fanya hivyo hivyo kwa magunia kumi ya mbegu chotara. Kisha fanya kwa alizeti iliyoletwa na unyevu. Utapata namba tatu tofauti na utaelewa kwanini mwezi fulani mnakamua kazi nyingi na hela haionekani. Na gunia ni kilo ngapi? Lumbesa ya huku, gunia lililojazwa kupita kipimo, na gunia la kule sio kitu kimoja, mtu ananunua kwa gunia anapiga hesabu kwa kilo 65 kumbe aliyopata ni 60. Nunua kwa kilo. Mizani hailipi siku ya kwanza lakini bila mizani hata makadirio ya malaika hayatakusaidia.

Kisio la pili ni bei ya mafuta, na hapa nataka mkumbuke 2022 na 2023. Februari 2022 Urusi ikaingia Ukraine, na nchi hizo mbili kwa pamoja ndo zinauza nje zaidi ya nusu ya mafuta ya alizeti ya dunia. Mwisho wa Aprili Indonesia ikafunga kuuza mawese nje, wiki kama tatu hivi. Mafuta yakapanda kila mahali, mtaani kwetu watu wakawa wananunua kwa kupimiwa kwenye kichupa. Kila mtu akaona alizeti ni dhahabu, wakulima wakaongeza mashamba, watu wakanunua mashine, michanganuo yote ya mwaka ule ukiiangalia ina bei ya 2022 na imeinyoosha miaka mitano mbele kana kwamba itakaa hapo. Serikali nayo kwenye bajeti ya 2022/23 ikapunguza ushuru wa mafuta ya kutoka nje ili mwananchi apate nafuu. Dunia nayo ikaanza kushuka, na kufika katikati ya 2023 faharasa ya FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ya bei ya mafuta ya kula ilikuwa chini ya nusu ya kilele chake cha Machi 2022. Mnajua kilichotokea hapa 2023, wakulima walilia, na aliyekuwa na ghala limejaa alizeti aliyoinunua bei ya juu alilia zaidi.

Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kutabiri vita. Lakini swali moja lilikuwa linajibika siku yoyote kwa karatasi na kalamu, bei ya mafuta ishuke mpaka ngapi ndo niingie hasara? Kwa mtu wetu wa mfano, gawanya faida ya milioni 23.7 kwa lita 21,600, unapata kama 1,100. Maana yake 4,500 ikishuka mpaka 3,400 faida imeisha. Ikishuka mpaka 3,600 amebakiwa na milioni 4 tu kwa mwaka mzima wa kazi. Na kama alishanunua alizeti kwa 58,000 halafu mafuta yakawa 3,600 ana hasara ya zaidi ya milioni 5. Namba hiyo ya 3,400 iandikwe ukutani pale mashineni. Siku mafuta ya mawese yanauzwa karibu na hapo unaacha kununua mzigo mkubwa, unanunua wa mwezi mmoja mmoja, hata kama majirani wote wanajaza maghala.

Na mawese yanakuja kwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama 2,300, kwenye 2024 ikapanda ikakaribia 2,700 na zaidi, mwisho wa mwaka huo huo ikashuka ghafla mpaka karibu 2,400. Shilingi ikiimarika mafuta ya nje yanakuwa nafuu na wewe wa Singida unabanwa bila kujua kwanini. Kwahiyo kwenye jedwali lako kuwe na mstari wa dola hata kama hujawahi kuishika dola.

Kisio la tatu ni mauzo ya kila mwezi. Mimi kwenye mfano nimeweka sawa kila mwezi ili hesabu ieleweke, nyie msifanye hivyo. Mwezi wa saba kila mashine inakamua na mafuta yamejaa barabarani kuanzia Manyoni, bei iko chini. Mwezi wa pili, wa tatu, mashine nyingi zimezima, bei inapanda. Anayeweza kushikilia mzigo ndo anapata hiyo tofauti, na anayeweza kushikilia ni yule ambaye mwezi wa nane haukumkaba.

Kuna jambo la Ramadhani pia ambalo watu wa takwimu za mwaka jana linawapoteza. Wakati wa futari na Idi mafuta yanatoka, kila mwenye duka anajua. Sasa mtu anachukua mauzo ya Machi mwaka jana anasema Machi mwaka huu itakuwa hivyo hivyo na ongezeko la asilimia 10. Lakini Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. 2024 ilianza kwenye tarehe 12 Machi hivi, 2025 ilianza mwanzoni kabisa mwa Machi, 2026 inaangukia katikati ya Februari. Mzigo wako wa Idi ukiupangia kwa kalenda ya mwaka jana utaufikisha Dar watu wameshanunua. Kwahiyo ukichukua rekodi za nyuma andika pembeni kilichotokea mwezi ule, mfungo, shule kufunguliwa, umeme kukatika. Mwishoni mwa 2023 umeme ulikuwa wa mgao, ukichukua mauzo ya miezi ile ukasema ndo uwezo wa biashara yako umejidharau bure.

Rekodi zenyewe mtazitoa wapi? Najua wengi hamna vitabu vizuri. Lakini simu ina taarifa za miamala ya miezi mingi nyuma, omba kwa mtandao wako wanakupa. Mashine ya risiti ya EFD ina mauzo yake. LUKU nayo ni rekodi nzuri sana ambayo hakuna anayeiangalia, uniti ulizonunua kila mwezi zinasema ulikamua kiasi gani hata kama daftari limepotea. Weka hizo tatu pamoja, utapata picha ya mwaka uliopita ambayo ni ya kwako, sio ya kijana wa stationery.

Kuhusu kuijenga hiyo kitu kwenye Excel au Google Sheets, sitakaa sana hapa kwasababu mchana tutafanya kwa mikono. Nisisitize jambo moja tu. Makisio yote yakae ukurasa mmoja peke yake, bei ya gunia mahali pake, lita kwa gunia mahali pake, siku za mali kauli mahali pake, na hesabu zote za miezi ziwe zinachota kutoka pale. Usiandike 4,500 ndani ya fomula ya mwezi wa sita halafu tena ndani ya mwezi wa saba. Ukifanya hivyo bei ikibadilika utabadilisha miezi minane utasahau minne na jedwali litakupa jibu zuri la uongo, na utaliamini kwasababu limetoka kwenye kompyuta. Ukiweka mahali pamoja unabadilisha namba moja na mwaka mzima unajipanga upya mbele ya macho yako. Hapo ndo mtu anaanza kuipenda hii kazi, anakaa anauliza je ikiwa hivi, je ikiwa vile, mke na mume wanakaa usiku wanajadili wakiwa na namba badala ya kugombana. Asiye na kompyuta achukue daftari la mistari mikubwa, miezi 12 juu, zinazoingia, zinazotoka, salio. Inatosha kabisa kuanza.

Kisha kila mwisho wa mwezi kaa chini uandike kilichotokea kweli pembeni ya ulichokisia. Nilikisia lita 1,800 nimepata 1,650, kwanini? Nilikisia maduka yatalipa milioni nne yamelipa mbili na nusu, nani hajalipa? Hili watu wanalikwepa kwasababu linauma, lakini makadirio yasiyorudiwa kuangaliwa yanakuwa kama yale ya stationery tu. Na ukimaliza mwezi ongeza mwezi mmoja mwishoni, ili kila siku uwe unaona miezi 12 mbele, usije ukafika mwezi wa nne ukawa unaona mwezi mmoja tu mbele wakati msimu mkubwa wa manunuzi unakuja.

Mama mmoja aliniuliza pale nje kabla hatujaanza, akasema mwanangu mimi nakamua magunia 20 kwa mwezi, hii inanihusu? Shikamoo tena mama. Inakuhusu kuliko mwenye 500. Mwenye 500 akipungukiwa milioni 6 ana gari la kuuza na ana ndugu mjini. Wewe ukipungukiwa laki nane umesimama, na mkulima uliyemzoesha miaka yote anampelekea mwingine, na kumrudisha ni kazi. Kwako jedwali lina mistari sita tu na tutalijaza leo leo kabla hujapanda gari.

Chai ipo pale nyuma, tukirudi tukae kwa makundi, mashine ndogo upande huu, wenye filta na mashine kubwa upande ule. Kila kundi lina mizani na magunia mawili, tunaanza kwa kupima kilo za gunia kabla mtu yeyote hajaandika namba.